Je, wajua kwa nini hujui muda wako unaishia wapi?

Mwulize mtu jana alitumia saa ngapi kwenye simu yake. Atakutajia idadi bila kusita. Kisha mwombe afungue ile sehemu ya simu inayoonyesha muda wa matumizi, na mara nyingi utaona ameduwaa. Hakukudanganya. Alijibu kwa kile alichokumbuka, na shida iko hapo hapo.

Kumbukumbu haitunzi dakika, hutunza matukio. Tunakumbuka kikao kilichotuchosha na kazi iliyotuumiza kichwa, kisha tunakisia vilichukua muda gani kwa kadiri vilivyotulemea. Kilicho kizito huonekana kirefu. Lakini dakika 4 za kuchungulia ujumbe hazina mwanzo wala mwisho unaokumbukika, kwa hiyo haziingii kwenye hesabu. Zirudie mara 15 kwa siku, na saa nzima imekwenda pasipo mtu kuiona.

Watafiti wa matumizi ya muda wanaujua udhaifu huu, ndiyo maana wengi wao hawapendi kuuliza, "Kwa wiki unafanya kazi saa ngapi?" Nchini Marekani, utafiti wa taifa wa matumizi ya muda, ulioanza mwaka 2003, humwomba mtu asimulie siku moja tu, jana, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri iliyofuata: ulifanya nini, ukamaliza lini, kisha ukafanya nini. Uzuri wa njia hii ni kwamba siku haizidi saa 24. Ukiongeza kazi, lazima upunguze usingizi au kingine. Makisio ya jumla hayana kizuizi hicho. Watafiti walipolinganisha njia hizo mbili, waliosema wanafanya kazi saa 75 au zaidi kwa wiki walionekana kuzidisha kwa takriban saa 25. Hiyo ni zaidi ya siku nzima!

Binafsi, anayenigusa zaidi ni Alexander Lyubishchev, mtaalamu wa wadudu wa Kirusi. Alianza kuandika matumizi ya muda wake mwaka 1916 na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1972. Vita viwili vikuu vya dunia vilipita naye akiandika. Kila siku aliandika alichosoma, barua alizojibu, utafiti alioufanya na muda uliotumika, akiondoa mapumziko ili ibaki kazi halisi peke yake. Mwisho wa mwezi alijumlisha, na mwisho wa mwaka vilevile. Kwa hesabu hizo aliweza kupanga kazi za mbele akijua uwezo wake, jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa matumaini tu.

Si lazima uandike miaka 56. Wiki moja yenye siku za kazi na za mapumziko inatosha kuanzia, kwa kuwa ina saa 168 na sura zote za maisha yako ya kawaida. Andika pale pale unapotoka jambo moja kwenda jingine; ukingoja jioni, umerudi kwenye kukisia. Programu ya simu itakusaidia, ila inaona yaliyo ndani ya simu tu. Haijui umesimama jikoni au umemkalisha mtoto na daftari lake la hesabu.

Na hayo ya jikoni yaandike kwa jina lake. Kupika, kufua, kuuguza na kulea ndiyo kazi zinazosahaulika upesi kuliko zote, hata na wanaozifanya, maana hazina mshahara wala saa ya kutoka. Tafiti za muda katika nchi nyingi zimeonyesha kuwa mzigo huo huwaelemea zaidi wanawake. Mtu anayelala hoi huku akisema "leo sijafanya chochote", daftari lake huenda likamwonyesha saa sita za kazi.