Halingi haina miaka 3,000: hekaya, sheria na mpira wa nywele

Kila kiangazi ninapowaongoza wageni katika kaunti za kusini mwa Ireland, hakosekani mmoja, aghalabu aliyejisomea mambo mawili matatu akiwa kwenye ndege, anayewaeleza wenzake kwa kujiamini kwamba halingi, mchezo wa Kiairishi wa fimbo na mpira, ina umri wa miaka 3,000 na kwamba inachezwa leo vilevile alivyoicheza Cú Chulainn, shujaa wa hekaya za Ireland. Zamani nilikuwa nikitabasamu na kuendelea na safari. Siku hizi ninasimamisha kundi zima, kwa kuwa dhana hiyo inawafuta watu halisi waliouunda mchezo huu, ambao majina yao na tarehe zao tunazijua.

Katika hekaya ya Táin Bó Cúailnge, kijana Sétanta anashambuliwa na mbwa mkali wa mhunzi Culann, anamuua kwa mpira na fimbo yake ya kuchezea, kisha anajitolea kulinda mahali pale mpaka apatikane mbwa mwingine. Ndipo anapoitwa Cú Chulainn, yaani Mbwa wa Culann. Ni kisa kitamu, nami hukisimulia kwa furaha. Lakini miswada ya zamani zaidi iliyosalia ya hekaya hiyo ilinakiliwa karibu na mwaka 1100 na katika karne iliyofuata, na ingawa lugha ya sehemu zake ni kongwe kuliko miswada yenyewe, inachothibitisha ni kwamba waandishi na wasikilizaji wao waliujua mchezo wa fimbo na mpira. Hekaya ni shahidi wa zama za aliyeiandika kabla ya kuwa shahidi wa zama inazozisimulia. Hata maelezo ya UNESCO, iliyoiingiza halingi katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018, yanataja miaka 2,000, na mgeni akinisomea maelezo hayo kutoka kwenye simu yake, ninamwomba aniambie ni kitu gani cha miaka hiyo kinachoshikika mkononi.

Vinavyoshikika vipo. Makumbusho ya Taifa ya Ireland inahifadhi mipira iliyofukuliwa katika vinamasi vya peati, ule udongo mweusi ambao wanavijiji huukata vipande, huukausha na kuuchoma kama kuni. Ndani ni nywele za ng'ombe zilizoshindiliwa zikashikana, na nje umezungushiwa msuko wa singa za farasi, uliosukwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Vipimo vya kaboni vinaiweka mipira hiyo kati ya karne ya 12 na ya 17. Tena ipo Sheria ya Kilkenny ya mwaka 1366, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, ambayo iliwakataza walowezi wa Kiingereza kucheza mchezo wa fimbo kubwa na mpira juu ya ardhi, ikawataka wajizoeze upinde na mkuki. Ushauri wangu ni uleule daima: tazama mpira wa nywele kwanza, ndipo uende uwanjani.

Hilo la kwamba mchezo haujabadilika ndilo linalonichosha zaidi. Katika karne ya 18 kulikuwa na michezo miwili: ule wa kiangazi wa kusini, wenye fimbo pana na mpira laini ulioruhusiwa kushikwa, ambao wamiliki wa ardhi waliufadhili na kuuwekea dau, na ule wa kipupwe wa kaskazini, wenye fimbo nyembamba na mpira mgumu uliosukumwa ardhini. Ufadhili ulipokoma na Njaa Kuu ya 1845 hadi 1849 ilipopita, mchezo ulikuwa umedhoofika vibaya. Tarehe 1 Novemba 1884, Michael Cusack, Maurice Davin na wenzao wachache walikutana katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, wakaanzisha Chama cha Michezo cha Kigaeli, GAA. Kanuni zilizotoka mwanzoni mwa 1885 zilifuata zaidi mtindo wa kusini. Fainali ya kwanza ya Ireland nzima, ya msimu wa 1887, ilichezwa Birr tarehe 1 Aprili 1888, kila upande ukiwa na wachezaji 21, na goli moja lilishinda pointi zote, yaani mipira iliyopita juu ya mtambaa panya, hata zingekuwa nyingi kiasi gani. Goli lilipewa thamani ya pointi 5 mwaka 1892, likashushwa hadi 3 mwaka 1896, na wachezaji wakawa 15 mwaka 1913. Mpira unaopita juu ya mtambaa panya bado ni pointi moja.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka. Waingereza hawakuwaletea Waairishi halingi kama walivyopeleka hoki katika makoloni. Soma tena sheria ya 1366. Halingi ya Cornwall, inayochezwa kwa mpira wa fedha bila fimbo, inafanana na hii kwa jina tu. Mechi ya uwanja wa Croke Park, Dublin, ambayo majeshi ya Uingereza yaliifyatulia risasi tarehe 21 Novemba 1920 ilikuwa ya kandanda ya Kigaeli, si ya halingi. Wanawake wana mchezo wao wa aina hiyohiyo, kamogi, wenye chama chake tangu 1904. Na mishahara haipo: mchezaji aliyecheza fainali Jumapili mbele ya watu zaidi ya 80,000 anaweza kuwa mwalimu, na shule zikifunguliwa utamkuta darasani.