Mwaridi Wako Haujafa, Umejipumzisha

Kila joto linapopamba moto jangwani, wenye bustani hutuletea malalamiko yaleyale: mwaridi umeacha kuchanua, majani yamekauka kingoni, na tangu uongezewe mbolea ndiyo kwanza unazidi kudhoofu. Hapo kwenye mbolea ndipo tunapomkatiza mtu.

Joto likipita nyuzi 38 za Selsiasi siku baada ya siku, mwaridi hubana matumizi. Maua huwa madogo na rangi hupauka. Si ugonjwa, ni usingizi, sawa na ule wa miwaridi ya nchi za baridi wakati wa theluji. Mbolea wakati huo huulazimisha utoe machipukizi laini ambayo jua la alasiri litayababua. Subiri.

Weka na makasi pembeni. Majani, hata yale mabaya, ndiyo mwavuli wa matawi. Ukiyaondoa, gome la upande wa magharibi huungua na kuwa jeusi. Kata ua lililonyauka tu, usishuke na tawi. Kupogoa kwa nguvu ni kazi ya mwisho wa majira ya baridi.

Maji ndiyo shughuli yenyewe. Wengi hunyunyiza kidogo kila jioni na kuridhika udongo ukilowa juu. Mizizi hubaki juujuu, na chumvi ya maji hujikusanya palepale penye mizizi. Hiyo ndiyo inayokausha kingo za majani. Mwagilia asubuhi na mapema, polepole, mpaka maji yashuke sentimita 45 hivi. Kupima ni rahisi: chomeka kipande kirefu cha nondo nyembamba. Kitapita bila shida kwenye unyevu na kugoma penye ukavu. Mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi zaidi ya kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, mradi shimo lako halituamishi maji. Kisha tandaza matandazo ya unene wa sentimita 7 hadi 10, yasiguse shina.

Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila udongo wa jangwani una alkali nyingi na hukifunga, mizizi isiweze kukinyonya. Kufukia misumari yenye kutu, dawa tunayoisikia kila mwaka, hakusaidii kitu. Tafuta chuma cha kelati, yaani kilichokingwa kwa kemikali maalumu, aina ya EDDHA, ambacho hakifungwi kirahisi.

Majani yakionekana kama yamepakwa vumbi, yagonge juu ya karatasi nyeupe. Vidoadoa vikianza kutembea, ni utitiri. Upige kwa maji ya mpira wa bustani, chini ya majani, kwa siku kadhaa; dawa kali huua pia wadudu wanaoula utitiri huo.

Kama bado hujapanda, chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, mbali na ukuta unaotazama magharibi, maana hutoa joto hata usiku. Katika mji wa Tombstone, jangwani Arizona, mwaridi uliopandwa 1885 bado uko hai.

Usiku ukianza kupoa, punguza ncha za matawi, mwagilia, tia mbolea, halafu mwagilia tena. Maua mazuri yatafuata baada ya wiki sita hadi nane.