Mahubiri ya kale kama nukuu ya kamusi: maana yake na namna ya kuyataja

Ukifungua kamusi kubwa ya mtandaoni, chini ya fasili ya neno mara nyingi utakuta mstari unaoanza na mwaka, kisha jina la mtu, jina la kitabu, mji kilikochapwa, na mwisho sentensi yenyewe, neno linalohusika likiwa limekozwa. Mstari huo ndio nukuu. Ni ushahidi kwamba mtu fulani, wakati fulani, alilitumia neno lile kwa maana iliyoandikwa juu yake. Usichanganye nukuu na sentensi ya mfano, ambayo mhariri huitunga mwenyewe ili msomaji aelewe upesi. Sentensi ya mfano ikiwa mbaya, hufutwa ikaandikwa nyingine. Nukuu ikiwa na kasoro, fasili iliyoegemea juu yake nayo inaanza kutiliwa shaka.

Katika kamusi zinazofuatilia historia ya maneno ya Kiingereza, mahubiri yaliyochapwa ni miongoni mwa hazina kubwa za nukuu, hasa kwa karne ya 16 na ya 17. Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1755, aliwanukuu sana wahubiri kama Robert South na John Tillotson. Kamusi ya Oxford nayo ina asili ya kikanisa kuliko wengi wanavyodhani: aliyesimama mbele ya Chama cha Filolojia, yaani chama cha wanazuoni wa lugha, mwaka 1857 na kueleza upungufu wa kamusi za Kiingereza alikuwa Richard Chenevix Trench, mkuu wa kanisa la Westminster. Hotuba zake ndizo zilizochochea kazi iliyotoa kijitabu chake cha kwanza mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, huku wasomaji wa kujitolea wakisaka nukuu vitabuni na kuziandika kwenye vikaratasi. Leo kazi hiyo inaendelea pia kwenye kamusi huria kama Wiktionary, iliyoanzishwa Desemba 2002, ambako mtu yeyote mwenye subira anaweza kuongeza nukuu.

Kwa nini mahubiri? Kwanza yalichapwa kwa wingi, mengine kama vijitabu vya hubiri moja moja, mengine yakikusanywa katika vitabu vinene. Pili, mhubiri alisema na watu wa kila namna waliokaa mbele yake. Akitaka kukemea ulafi atataja vyakula. Akikemea udanganyifu sokoni atataja mizani na vipimo. Maneno ya jikoni, shambani na dukani, ambayo mshairi au mwanasheria wa zama zile hakuwa na haja nayo, yamo humo yakiwa ndani ya sentensi zilizokusudiwa kusikika na kueleweka papo hapo. Tatu, kurasa za mwanzo za vijitabu hivyo mara nyingi zinataja siku, mahali na tukio: mbele ya mfalme, kwenye maziko ya fulani, kwenye ufunguzi wa mahakama. Ni aina chache sana za maandishi zinazokuambia kwa uwazi hivyo kwamba maneno haya yalitamkwa siku gani.

Lakini hapo hapo ndipo ugumu unapoanza. Hubiri lililochapwa lina maisha mawili: lilisemwa, kisha likachapwa, na kati ya mawili hayo kunaweza kupita wiki chache au miaka mingi. Askofu Lancelot Andrewes alihubiri mbele ya Mfalme James siku ya Krismasi ya mwaka 1622. Hubiri hilo limo katika mkusanyo wa mahubiri yake 96 uliochapwa mwaka 1629, miaka mitatu baada ya yeye kufariki, ukiwa umehaririwa na maaskofu William Laud na John Buckeridge. Ukikuta humo neno ambalo halijawahi kuonekana mapema zaidi, utaandika 1622 au 1629?

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Hubiri la mwisho la John Donne, mshairi na mkuu wa kanisa la St Paul's mjini London, lilichapwa kwa jina la Deaths Duell. Ukurasa wa jina unasema lilitolewa White Hall, mbele ya mfalme, mwanzoni mwa Kwaresima ya 1630. Chini kabisa ya ukurasa, kwa tarakimu za Kirumi, pana mwaka wa kuchapwa: 1632. Mhariri mwenye haraka ataandika 1630 na kuendelea na shughuli zake, na atakuwa amekosea. Uingereza wakati ule mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi, na utaratibu huo haukubadilishwa hadi 1752. Kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1630 ni Februari ya 1631 kwa hesabu yetu. Donne alihubiri tarehe 25 Februari 1631 akiwa mgonjwa, na tarehe 31 Machi mwaka huo huo akafariki. Ukurasa wenyewe unasema watu wa nyumba ya mfalme waliliita hubiri la maziko yake mwenyewe. Basi nukuu kamili itakuwa na sura kama hii:

1631 Februari 25 (siku ya kuhubiri), John Donne, Deaths Duell, London: Thomas Harper, kwa niaba ya Richard Redmer na Benjamin Fisher, kimechapwa 1632, ukurasa fulani.

Miaka yote miwili imo, na kila mmoja umeelezwa ni wa nini. Kamusi ya Oxford ina njia yake fupi ya kushughulikia vitabu vilivyotoka baada ya mwandishi kufa: huweka herufi a mbele ya mwaka wa kifo, kifupisho cha neno la Kilatini lenye maana ya kabla ya. Msomaji akiona a1631 anajua kwamba maneno hayakuandikwa baada ya mwaka huo, hata kama kitabu kilichapwa baadaye sana. Mimi napenda zaidi njia ndefu. Mtandaoni hakuna uhaba wa karatasi, na msomaji ana haki ya kuona ni kipi tunachokijua na kipi tumekikadiria.

Baada ya mwaka, linafuata swali la mwenye neno. Mahubiri mengi hayakuchapwa kutokana na maandishi ya mhubiri mwenyewe. Mahubiri ambayo Hugh Latimer aliyatoa mbele ya Mfalme Edward VI yalichapwa mwaka 1549 kutokana na yale yaliyokusanywa na msikilizaji aliyeitwa Thomas Some. Baadaye hatimkato, yaani uandishi wa haraka kwa alama fupi, ikaingia. Mwaka 1588 Timothy Bright alichapisha mfumo wake alioupa jina la Characterie, na baada ya muda mfupi mahubiri ya Henry Smith yakaanza kutoka yakiwa na maelezo kwamba yamenakiliwa kwa mfumo huo.

Hapa mtunzi wa kamusi anapaswa kutulia, kwa sababu mfumo wa Bright haukuandika sauti, uliandika maneno. Ulikuwa na alama zaidi ya 500, kila alama ikisimamia neno moja. Neno lisilo na alama liliandikwa kwa alama ya neno lenye maana ya karibu, pembeni ikiwekwa herufi ya kwanza ya neno lililokusudiwa. Sasa fikiria mwandishi amebanwa kanisani, mhubiri anakwenda mbio, na ile herufi ya pembeni imesahaulika au imekaa vibaya. Usiku akifasiri alama zake, atachagua neno gani? Anaweza kuandika kisawe ambacho mhubiri hakukitamka kamwe. Ujumbe wa hubiri umehifadhiwa salama, ila neno, ambalo ndilo kamusi inalolitafuta, si la mhubiri. Bado ni neno halali la wakati ule, kwa sababu mtu aliliandika na mpiga chapa akalikubali. Kinachobadilika ni kwamba hatuwezi kudai kwa uhakika kuwa Henry Smith ndiye aliyelisema. Nukuu iseme hivyo waziwazi: kama ilivyonakiliwa kwa hatimkato.

Kuna pia maneno ambayo yamo ndani ya hubiri lakini si ya hubiri. Mhubiri husoma andiko. Katika vitabu vya zamani andiko mara nyingi huwekwa kwa herufi za mlazo, na marejeo yake kupangwa pembezoni, lakini wapiga chapa hawakushika desturi hiyo kila mara. Neno lililomo ndani ya mstari wa Biblia ni ushahidi wa tafsiri ile ya Biblia. Kumpa mhubiri sifa yake ni kukosea. Vivyo hivyo, mhubiri anaweza kulitaja neno ili alieleze tu: Wagiriki huita hivi, wanazuoni husema vile. Huko ni kulitaja neno, siyo kulitumia, na kamusi nyingi hutofautisha mambo hayo mawili. Na ile barua ya kumtukuza mfadhili iliyowekwa mwanzoni mwa kitabu haikuhubiriwa popote, kwa hiyo hupewa mwaka wa kitabu, siyo siku ya hubiri.

Wiktionary ya Kiingereza, kwa lugha zenye maandishi mengi kama Kiingereza, hudai matumizi matatu ya neno, yanayojitegemea, yaliyoenea katika kipindi cha angalau mwaka mmoja, katika vyanzo vinavyohifadhika kwa kudumu. Katika mahubiri sharti la kujitegemea ndilo linalovunjwa kwa urahisi zaidi. Hubiri lililotoka kama kijitabu kisha likarudiwa katika mkusanyo miaka kumi baadaye ni ushahidi mmoja, hata kama vitabu ni viwili na miaka ni miwili. Na wahubiri wamekuwa wakiazimana mahubiri tangu zamani. Sentensi ile ile ikionekana chini ya majina mawili tofauti, linganisha aya nzima kabla ya kuhesabu.

Kuhusu kunakili, ushauri wangu ni kuangalia picha ya ukurasa kila inapowezekana. Mradi wa kunakili vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1700, unaojulikana kwa kifupi kama EEBO-TCP, ulifungua maandishi ya vitabu vipatavyo 25,000 kwa umma Januari 2015, na ni msaada mkubwa sana, kwa kuwa yalichapwa upya na watu badala ya kusomwa na mashine. Pasiposomeka wameweka alama ya pengo. Usilijaze pengo hilo kwa kubahatisha. Vitabu vilivyosomwa na programu ni hatari zaidi. Herufi s ya kale, ile ndefu, inafanana na f, na programu hukosea mara kwa mara. Katika mahubiri hilo si jambo dogo: neno sin, yaani dhambi, linageuka fin, pezi la samaki, ukurasa baada ya ukurasa. Makosa ya namna hii, na yale ya wapiga chapa wenyewe, ndiyo yanayozaa yale ambayo mwanazuoni wa lugha Walter Skeat aliyaita mwaka 1886 maneno mizuka: maneno yaliyomo kamusini ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyatumia. Kabla ya kushangilia tahajia ya ajabu, tafuta orodha ya masahihisho, ambayo mara nyingi iko mwanzoni au mwishoni mwa kitabu. Na usilinakili mara mbili lile neno linalokaa peke yake chini ya ukurasa. Ni la kumwongoza mpanga kurasa, na hurudiwa juu ya ukurasa unaofuata.

Vitabu vingine havina namba za kurasa, au namba zimekosewa. Hapo tumia alama za karatasi zilizopigwa chini: B3, kwa mfano, ni karatasi ya tatu ya fungu B (fungu ni karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja), nawe utasema ni upande wa mbele au wa nyuma. Taja pia chapa uliyoiona kwa macho yako. Mahubiri ya Andrewes yalichapwa tena katika karne ya 19 kwa tahajia ya kisasa. Ukinukuu toleo hilo na kuandika 1629, msomaji ataamini kwamba neno liliandikwa hivyo mwaka 1629.

Kwa lugha zenye maandishi machache, Wiktionary hulegeza masharti, na tukio moja tu katika chanzo kinachokubalika linaweza kutosha. Katika lugha nyingi za aina hiyo maandishi ya kwanza kuchapwa yalikuwa ya kidini, kwa hiyo hubiri moja linaweza kubeba mzigo ambao katika Kiingereza hubebwa na vitabu vitatu. Hapo maelezo ya nukuu yanahitaji uangalifu zaidi. Kama hubiri limefasiriwa kutoka lugha nyingine, neno ni la mfasiri, na jina lake pamoja na mwaka wa tafsiri ndivyo vinavyotangulia. Mhubiri wa asili hutajwa baada yake. Kama aliyeandika alijifunza lugha hiyo ukubwani, andika hivyo pia, kisha neno lenyewe lipewe alama kwamba linasubiri ushahidi mwingine.