Mkunjo Kwanza: Kutengeneza Kadi za Sikukuu Nyumbani

Kadi ya sikukuu huharibikia kwenye mkunjo kabla ya kuharibika mahali pengine popote. Kwa miaka 12 sasa nimekuwa nikitengeneza kadi za Krismasi, za Idd na za Mwaka Mpya juu ya meza ya kulia chakula hapa nyumbani Buruburu, Nairobi, na karibu kila anayekuja kujifunza kwangu hutaka kuanza na shanga, utepe na rangi ya dhahabu. Mimi humrudisha kwenye karatasi tupu, kwa kuwa pambo likiwekwa juu ya kadi isiyoweza kusimama, jasho lote la kulitengeneza limekwenda bure.

Hayo niliyajua kwa hasara. Mwaka wa kwanza niliagizwa kadi 40 za Krismasi, nikanunua manila nyekundu iliyokoza na kuikunja usiku kucha. Kila mkunjo ulichanika juu ukaacha mstari mweupe wenye nywelenywele, na kulipokucha kadi nilizozipanga dirishani zilikuwa zimejifungua zenyewe, nyingine zimelala chali. Nilikuwa nimefanya makosa mawili. Manila ile ilikuwa imepakwa rangi usoni tu, huku ndani ikiwa nyeupe. Tangu siku hiyo humwomba mwenye duka kipande kidogo nikichane kabla sijalipa, nione kama rangi imeingia hadi moyoni. Kosa la pili, lililo kubwa zaidi, ni kwamba nilikunja kwa kukatisha nyuzi.

Karatasi ina nyuzi kama ubao ulivyo na nyuzi. Kiwandani, rojo la mbao humwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, na vinyuzi vyake vingi hulala kufuata mwendo wa wavu huo. Ukikunja sambamba na vinyuzi, karatasi hukubali na mkunjo hutoka safi. Ukivikatisha, unavivunja kimoja kimoja, navyo hujitutumua na kuifungua kadi. Ili kujua vimelala vipi, ushike karatasi kwa mikono miwili uipinde taratibu bila kuitia alama, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande utakaopinda kwa urahisi ndio utakaokuonyesha, maana vinyuzi viko sambamba na mstari wa pindo hilo. Ukibaki na shaka, chana kipande cha pembeni: mchano unaofuata vinyuzi hunyooka karibu kabisa, na unaovikatisha huyumba.

Hapa ndipo hesabu ndogo ya A4 inapookoa kazi. Karatasi hiyo ina milimita 210 kwa 297, na nyingi nilizowahi kuzishika vinyuzi vyake vimelala kwa urefu. Ukiikunja mara moja katikati upate kadi kubwa, mkunjo unapita kwa upana na unavikatisha vinyuzi vyote. Lakini ukiikata kwanza vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, kisha ukakunja kila kipande katikati, mkunjo unakuwa sambamba na vinyuzi, na karatasi moja inakupa kadi mbili za milimita 105 kwa 148. Kadi hiyo inaingia kwa nafasi katika bahasha ya milimita 114 kwa 162, ambayo wauzaji huiita C6. Kwa uzito, mimi hutumia gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ni ya kubandika ndani tu.

Kabla ya kukunja, chora njia ya mkunjo kwa rula na kalamu ya biro iliyokwisha wino, ukikandamiza kiasi cha kuacha mfereji bila kukata. Ukishakunja, pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, ukiwa umeweka karatasi safi katikati ili kadi isipate mng'aro.

Gundi nayo hutegemea majira. Kadi za Krismasi tunazitengeneza katika mvua za vuli, wakati hewa ya Nairobi ina unyevu na gundi ya maji inachelewa kukauka. Kinyuzi kikilowa hunenepa zaidi kuliko kinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na kadi hukunjamana. Ipake gundi nyembamba kwenye pambo badala ya kadi, kisha ulaze kadi chini ya vitabu vizito usiku mzima.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni kitenge. Vipande vinavyobaki kwa fundi cherehani vinatosha kabisa, na anayetaka kuchagua rangi mwenyewe atazipata Biashara Street. Tatizo lake ni kingo zinazofumuka. Pika uji mzito wa unga wa ngano usio na madonge, uache upoe, uupake kwenye karatasi nyembamba, ubandike kitenge na kukinyoosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kikikauka kitakuwa kigumu kama ngozi, nawe utakata nyota au mwezi mwandamo wenye ncha kali bila uzi hata mmoja kuchomoza. Maganda makavu ya mgomba yanafaa vilevile, na yana kahawia za aina nyingi bila kutiwa rangi yoyote.

Kwa kadi za Idd, usiandike tarehe, kwa kuwa siku yenyewe inasubiri mwezi uandame. Hakikisha tu kwamba zimekamilika kabla kumi la mwisho la Ramadhani halijaisha. Maneno ya ndani yaandike kwa mkono. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa biashara, aliyoiagiza Henry Cole jijini London mwaka 1843, ilichorwa na John Callcott Horsley na kutiwa rangi kwa mkono, ikiwa na nafasi ya kujaza jina la anayepelekewa. Mimi huacha nafasi kubwa kuliko hiyo, ya sentensi mbili au tatu, kwa sababu shangazi aliyeko Kakamega anataka kujua kama mtoto amepona kikohozi.

Kadi yenye shanga siipeleki posta, kwani hupondeka miongoni mwa barua. Humpa mtu anayesafiri kwenda nyumbani, nikiwa nimeweka kipande cha kadibodi ndani ya bahasha upande wa shanga na kuandika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba isikunjwe.