Magari ya kukatiza mtaani: ni nini hasa, na yanazuiwaje

Magari ya kukatiza ni yale yanayoingia mtaa wa makazi upande huu na kutokea upande wa pili bila kuwa na shughuli yoyote humo. Dereva wake haishi pale, haendi kwa mtu, hapeleki mzigo. Anakwepa tu foleni au taa za barabara kuu. Gari la mkazi, la mgeni wake au la kuzoa taka halimo katika hesabu hii, hata likipita mbio.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakazi wakilalamika, kwa kawaida huchanganya matatizo mawili: wingi wa magari na mwendo kasi. Mwendo kasi hutokana zaidi na umbo la barabara. Ikiwa pana na imenyooka, dereva huongeza mwendo bila hata kujijua, na mara nyingi dereva huyo ni jirani yenu. Kukatiza ni suala la dakika: njia ya ndani ikiwa fupi kuliko foleni, watu watapita. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa na ramani ya simu, ambayo humpitisha hata mtu asiyewahi kulisikia jina la mtaa wenu. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, Marekani, ulifikia hatua ya kuwafungia wasio wakazi mitaa yake mingi nyakati za msongamano mwaka 2018.

Kila tatizo lina madhara yake. Gari likitoka kilomita 30 kwa saa hadi 50, nguvu ya kugonga huongezeka karibu mara tatu, maana nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Wingi nao hugusa ujirani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa ya San Francisco iliyotofautiana hasa kwa idadi ya magari. Waliokaa penye magari kama 2,000 kwa siku walikuwa na marafiki mtaani mara tatu ya waliokaa penye 16,000.

Kujua mnasumbuliwa na lipi si kazi kubwa. Watu wawili wasimame kila mmoja ncha yake, waandike namba za magari na saa. Gari lililoonekana ncha zote mbili ndani ya dakika chache limekatiza. Mkikuta ni machache, msianze na kufunga njia.

Kwa mwendo, dawa inayojulikana ni matuta. Kibao cha kilomita 30 peke yake kwenye barabara pana hakimtishi mtu. Tuta moja pia halitoshi, kwani dereva hufunga breki, akivuka anakanyaga mafuta kufidia. Yanatakiwa yawe kadhaa, yakifuatana kwa umbali usiompa nafasi ya kushika kasi. Tuta la mviringo la kitaalamu huwa na karibu mita 3.7 kutoka linapoanza hadi linapoishia, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Kile kigongo chembamba cha zege ambacho wakazi hukijenga wenyewe usiku ni kitu kingine kabisa: humwangusha mwendesha baiskeli, na huliharibu lori.

Kwa kukatiza, matuta husaidia kidogo. Foleni nje ikizidi, madereva watayavumilia. Kinachofanya kazi ni kuondoa faida ya njia ya mkato: nguzo katikati ya mtaa zinazopitisha watu na baiskeli, huku kila nyumba ikiendelea kufikika kwa gari kutoka upande mmoja. Jiji la Barcelona, Hispania, lilifanya jambo la aina hiyo katika eneo lake la Poblenou mwaka 2016. Gari huingia, lakini mpangilio wa njia hulilazimisha kutoka nje badala ya kuvuka eneo zima. Njia ya upande mmoja huvunja mkato pia, ila ninaiogopa kidogo, kwa sababu dereva asiyetarajia gari mbele yake hukimbia zaidi.

Watu watauliza kuhusu zimamoto na magari ya wagonjwa, na ni haki. Nguzo za kufunguliwa kwa ufunguo hutumika penye haja hiyo. Swali gumu zaidi ni la mtaa wa pili, maana magari mliyoyazuia yanaweza kuhamia kwao. Ndiyo sababu wahandisi hupanga eneo zima lililozungukwa na barabara kuu, na huhesabu magari ya mitaa jirani kabla ya kazi na baada yake.