Hiyo siyo katuni: tunayodhania kuhusu vitabu vya picha vya maisha ya waandishi

Jumamosi jioni huwa nawasomea watoto wa mtaani kwetu Tandika, barazani kwa mama mkubwa, na sasa hivi wiki ya tatu tuko na kitabu kimoja tu. Ni cha picha, kinaeleza maisha ya Beatrix Potter, yule mwanamama wa Uingereza aliyetunga stori ya sungura Peter. Nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, kava limechanika kona, elfu tatu. Kipo kwa Kiingereza kwahiyo natafsiri hukuhuku nasoma. Sasa kila nikikitoa kwenye begi kuna mzazi ana neno lake, na maneno yenyewe ni yaleyale, nikaona bora niyaandike yote maana mengine hata mimi niliwahi kuyaamini.

La kwanza: "si katuni tu hiyo?"

Hapana jamani. Stori ya sungura ni ya kutunga, ila huyu mama alikuwepo kweli, kazaliwa London tarehe 28 Julai 1866, kafariki 22 Desemba 1943, na kila ukurasa wa kitabu unatakiwa ubebe jambo lililotokea. Watu wakiona rangi wanadhani mchoraji kajichorea tu anavyojisikia, kumbe picha nayo inatoa taarifa kama sentensi inavyotoa, na inaweza kudanganya vilevile. Chukua ukurasa wa tarehe 4 Septemba 1893. Beatrix yuko Scotland, anamwandikia barua mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani, mtoto anaitwa Noel, ana miaka mitano, yuko kitandani anaumwa, na Beatrix hana habari yoyote ya maana ya kumwambia, ndo akaamua kumpa stori ya sungura wanne na michoro katikati ya maneno. Mchoraji akimshikisha peni ya biki hapo keshaharibu, peni za namna hiyo zilikuwa hazijaingia madukani, inatakiwa kalamu ya kuchovya kwenye wino.

Au kondoo. Baadaye Beatrix alikuja kuwa mfugaji wa nguvu wa kondoo wa aina ya Herdwick, na hawa wanazaliwa weusi halafu wanazidi kuwa wa kijivu kadri wanavyokua. Dogo mmoja wa darasa la tatu alinisimamisha, "anti, mbona mtoto mweusi na mama yake wa kijivu, kakosea?" Nikamweleza. Basi akachukua kitabu akaanza kukagua kondoo mmojammoja kwa kidole, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu wa katikati. Mchoraji angewapaka wote weupe pe lile swali lisingekuja.

Na hapohapo kuna dhana nyingine, kwamba mwandishi na mchoraji wanakaa meza moja wanapanga. Mara nyingi sivyo, mchapishaji ndo anatafuta mchoraji, na wawili hao wanaweza wasionane kabisa mpaka kitabu kinatoka. Beatrix mwenyewe alikuwa akiandika na kuchora vyote.

"Fupi hivyo, mtu anaandika siku moja." Hili linaniuma kidogo. Vitabu hivi vingi vina kurasa 32, sababu inaanzia kiwandani, karatasi kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa, inakatwa, kurasa zinatoka kwa mafungu ya 8 au 16, ndo maana 32 imekaa vizuri. Toa kurasa za jina la kitabu na za haki za mchapishaji, kinachobaki ndo uingize miaka 77 ya mtu. Kazi iko kwenye kuacha. Mfano uyoga: ukimuuliza mtu wa kawaida Beatrix Potter ni nani atakwambia sungura, ila aliwahi kukaa miaka akichora uyoga kwa hadubini, akaandika utafiti wake kuhusu jinsi spora za uyoga, yaani vile vichembe vyake vya kuzaliana, zinavyoota, na mwaka 1897 ukawasilishwa Linnean Society, chama cha wanasayansi cha London, na mwanamume kwa niaba yake, kwa vile wanawake hawakuruhusiwa kuingia kwenye vikao vyao. Mwandishi akiamua kuuacha uyoga nje, mtoto anamjua mama wa sungura tu, hamjui mwanasayansi.

"Kwao walikuwa matajiri, mambo yalijipa yenyewe." Pesa ilikuwepo, hilo kweli na kitabu kizuri hakifichi. Lakini hakupelekwa shule, alifundishwa ndani na walimu wa kuajiriwa, marafiki wake wakubwa walikuwa mdogo wake na wanyama waliokuwa wakiwafuga, mpaka sungura alikuwa anamtembeza na kamba kama mbwa (watoto walicheka ukurasa huu mpaka mama mkubwa akatoka ndani kuangalia kuna nini). Ile stori ya kwenye barua alipotaka iwe kitabu wachapishaji kadhaa waliikataa, akaamua kuchapisha mwenyewe kopi 250, Desemba 1901. Kampuni ya Frederick Warne, ambao nao mwanzo walikataa, wakarudi wakakubali kwa sharti la picha za rangi, kikatoka Oktoba 1902 na mpaka mwaka unaisha kopi zilizochapwa zimefika 28,000. Yeye alichong'ang'ania ni kitabu kiwe kidogo, kienee kwenye mkono wa mtoto.

Halafu hili, ndo wazazi wananiambia kwa sauti ya chini: "kuna msiba humo ndani, ruka."

Sikuruka. Julai 1905 Norman Warne, mhariri wake, alimposa, na Beatrix akakubali japo wazazi wake hawakutaka kwa sababu kwao Norman ni watu wa biashara. Tarehe 25 Agosti, mwezi mmoja tu, Norman akafariki. Mwaka uleule Beatrix akanunua shamba la Hill Top huko kijijini. Kwenye kitabu changu picha inamwonyesha kwa nyuma tu, anatembea kwenye njia ya shamba na mwavuli. Nilisoma polepole. Mtoto mmoja akauliza, "mbona hawajamchora uso?" na kabla sijajibu binti aliyekaa pembeni, ambaye baba yake tulimzika mwaka jana, akasema, "si analia." Wengine wakanyamaza, tukakaa kwenye ukurasa ule muda mrefu kuliko ukurasa wowote. Watoto wa Tandika misiba wanaijua, wamekaa kwenye maturubai, wamebeba sahani. Kuwafichia kifo cha mtu wa Uingereza cha zaidi ya miaka 100 iliyopita hakuwakingi na kitu.

Eti mwandishi wa watoto lazima awe na watoto? Beatrix aliolewa 1913 na William Heelis, mwanasheria, akiwa na miaka 47, na hakuzaa. Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto wa Denmark, naye hakuwa na mtoto. Hili tulimalize.

Kuna dhana ya upande wa pili nayo, ya sisi tunaovipenda hivi vitabu, kwamba kila maneno yaliyowekwa kwenye alama za kunukuu mtu aliyasema kweli. Si vyote. Vingine vinatunga mazungumzo, kwahiyo fungua kurasa za mwisho usome maelezo ya mwandishi, aliyefanya kazi yake vizuri anaeleza kipi katoa kwenye barua na kipi kwenye shajara. Shajara ya Beatrix yenyewe aliiandika kwa herufi za siri tangu ujana mpaka kama miaka 30. Mtu mmoja anaitwa Leslie Linder alihangaika nayo miaka, mpaka 1958 akakamata vitu viwili tu kwenye ukurasa, XVI na 1793, akashtuka kwamba hapo anazungumziwa Louis XVI, mfalme wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwaka huo, na kutokea hapo akafungua herufi zote. Sasa hivi baraza zima lina alfabeti yake ya siri na mimi sijafundishwa.

"Mambo ya Wazungu hayo, yetu yako wapi?" Swali ni la haki, ila hukumu siyo, sungura si tunaye sisi tangu mababu? Na jirani yetu kuna bibi ndo anawapigia hadithi za Sungura na Fisi umeme ukikatika. Watoto wameamua wenyewe kutengeneza kitabu cha maisha yake, daftari la kuchorea na rangi za maji. Ukurasa wa kwanza anaingia Dar kutoka Lindi, miaka ya 70, wakamchorea meli kubwa ya ghorofa, yuko dirishani anapunga mkono. Bibi akaishika ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasema meli siyo hiyo wajukuu zangu, sisi tulikaa juu, wazi, kwenye magunia ya korosho, na jua lilituwakia mpaka bandarini.

Wameichana. Jumamosi hii wanachora magunia.