Darwin hakufanya kazi peke yake

Wengi hudhani kwamba Charles Darwin aliijenga nadharia yake ya mageuzi ya viumbe akiwa mpweke, amejifungia nyumbani kwake nje ya London, bila kumshirikisha mtu hadi kitabu chake kilipotoka mwaka 1859. Sivyo. Kwa takriban miaka 40 aliandikiana na Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyekuja kuiongoza bustani ya Kew, na barua zao zilizosalia zinazidi 1,000.

Hooker ndiye aliyeichambua mimea ambayo Darwin aliikusanya visiwani Galápagos, kazi iliyohitaji ujuzi wa uainishaji ambao Darwin hakuwa nao. Ni yeye pia aliyeandikiwa, Januari 1844, kwamba huenda spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika, jambo ambalo Darwin alilifananisha na kukiri mauaji. Siri ya namna hiyo haikabidhiwi mtu wa salamu tu.

Wala hawakuwa wa kuitikiana kila jambo. Hooker aliposhikilia kwamba mimea ilifika visiwa vya mbali kupitia nchi kavu iliyozama baadaye, Darwin aliloweka mbegu katika maji ya chumvi ili kuona kama zingeweza kuvuka bahari, na kati ya aina 87, aina 64 ziliota baada ya kulowekwa kwa siku 28.

Ushirikiano huo ulikuwa na ajali zake. Mwaka 1859 sehemu ya mswada wa kitabu hicho aliyopelekewa Hooker aikague iliingia kimakosa katika droo ya karatasi za watoto wake za kuchorea, na karibu robo yake ikapotea. Darwin, kwa bahati, alikuwa bado na nakala ya awali.